Ufunguo wa Pili

Solange na Aline, wadogo zangu wa kazi, siku ya kuniaga mliniomba niwaandikie nilivyoweza kufanya kazi na Waholanzi miaka yote ile bila kugombana nao. Ukweli ni kwamba niligombana nao sana, ila kwa Kiswahili, nikiwa juu ya baiskeli, na upepo wa kule mnaujua, hauachi neno likafika. Naandika nikiwa Goma, mtaa wa Murara, kwenye meza ya marehemu dada yangu. Ni mchana wa jua na lango lina kufuli. Niliyopanga kuwaandikia wakati ule yalikuwa ya kuchekesha zaidi. Nitajaribu, lakini msinidai.

Habari za vyeo na mshahara nitaziruka. Vyeo sikupata, na mshahara mnaujua wenyewe, unaingia mlangoni na kutokea dirishani kuelekea kwa ndugu Kivu.

Mimi nilikuwa muuguzi hapa Goma. Volkano iliposhuka hadi katikati ya mji ilichukua nyumba yetu na kituo cha afya nilichofanyia kazi. Mume wangu alikuwa ametangulia Uholanzi, nikamfuata. Shahada yangu ya uuguzi waliisoma, wakaisifu, wakanirudishia. Nikajifunza lugha yao kwa majira mawili ya baridi, ndipo nikapewa kazi hii mnayoifanya ninyi sasa: kuzunguka majumbani mwa wazee wanaoishi peke yao, kuwaamsha, kuwaogesha, kuwavalisha, kuwapa dawa, kisha kukimbilia mlango mwingine. Nilikuwa nimeshapita miaka arobaini. Mume wangu alifariki baada ya miaka michache, mtoto hatukujaliwa, na tangu hapo kazi ndiyo iliyokuwa ikiniamsha asubuhi.

Aliyenifundisha alikuwa Ria, mwanamke mrefu, mifupa mitupu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe aliye ng'ambo ya bonde. Siku ya kwanza hakuniuliza nimesoma wapi. Aliniuliza baiskeli yangu iko wapi. Nilipomwambia sijui kuendesha, alinitazama kana kwamba nimesema sijui kutembea. Akanipeleka kwenye uwanja wa kuegesha magari nyuma ya ofisi, akashika kiti cha baiskeli kwa nyuma, akanisukuma mimi mama mzima mbele ya watu. Nimekulia Goma, nimeona vijana wakiteremka mlima na chukudu, baiskeli zao za mbao zisizo na pedeli, zimejaa magunia ya makaa, bila breki ya kutumainiwa, lakini nilishindwa na baiskeli ya kike yenye kikapu. Nilianguka mpaka goti likavimba. Ria akaniambia nimefanya vizuri, kisha akaniambia nimefanya vibaya, vyote kwa sauti ileile. Baadaye nilielewa kwamba ndivyo walivyo: jambo wanalisema lilivyo na halibaki moyoni. Sisi tunalizungusha, tunalipamba, na linabaki miaka kumi.

Nyumba ya kwanza tuliyokwenda, Ria hakubisha hodi. Ukutani kando ya mlango palikuwa na kisanduku kidogo cha chuma chenye namba za kuzungusha. Akazungusha namba, kifuniko kikafunguka, ndani kuna ufunguo. Akafungua mlango, akaingia akiita jina lake mwenyewe kwa nguvu ili mzee asishtuke. Ninyi mmevizoea visanduku hivyo, mimi siku ile nilibaki nimesimama uani.

"Ufunguo wa nyumba unakaa nje?" nilimuuliza.

"Ufunguo wa pili," alisema Ria. "Wa kwanza anao mwenyewe. Siku akianguka, tusivunje mlango."

"Na jirani je?"

"Jirani wa nini?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anauliza kweli, jirani anaingiaje katika habari hii.

Jioni nilimpigia simu Yaya. Yaya ndivyo tunavyowaita wakubwa wetu huku, na huyu alikuwa dada yangu mkubwa, Vumilia, aliyenilea mama yetu alipofariki. Yeye alikuwa na uwanja wake hapa Murara, ua wa mawe ya volkano, lango la mbao lisilofungwa tangu alfajiri mpaka watu walale. Mtu alisema hodi akiwa tayari ameshaingia. Wengine walikuja kuomba chumvi, wengine kutoa habari, wengine kukaa tu. Nilimweleza habari ya kisanduku tukacheka hadi salio la simu likakaribia kuisha.

"Basi banaanika ufunguo inje sawa nguo?" aliuliza kwa Kiswahili chetu cha Goma.

"Njo vile, Yaya."

"Na batu ya kuingia, banani?"

"Siye tu, batu ba kazi."

"Maskini," akasema. "Siku utachoka huko, kuya ku nyumba. Huku mulango haina kufuli. Tutazeeka pamoja."

Hilo ndilo nililolifanyia kazi miaka yote iliyofuata. Watu wa kule hufanyia kazi gari, au safari ya kwenda kwenye jua. Mimi nilifanyia kazi kuzeeka mahali ambapo hakuna anayehitaji ufunguo wa pili. Kila nilipozungusha namba za kisanduku nilijiambia: mimi, hapana. Mimi nina Murara.

Lakini mkate ulikuwa kule, na wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Nikaanza kuvunja. Jirani yangu wa ngazi ileile alikuwa mama mmoja mpole, nikampikia maharagwe na ndizi, nikampelekea sahani ikiwa moto. Alifungua mlango nusu. Akaishika sahani, akashukuru, akabaki amesimama pale pale, na nyuma yake nikaona meza, kikombe kimoja, televisheni. "Kwa nini hukupiga simu kwanza?" aliniuliza. Nilifikiri ananikaripia, kumbe aliona haya kwamba hakujiandaa. Alitoa kijitabu chake cha miadi, akapekua, akanipa siku ya kuja kunywa kahawa. Ilikuwa wiki tatu mbele. Nilikwenda. Alinipokea vizuri kabisa, kahawa ikawa tamu, na saa kumi na mbili kasoro akasimama na kusema asante kwa kuja, maana kwao saa hiyo ni ya kula, na mgeni wa kahawa si mgeni wa chakula. Kwetu siku ya tatu ndiyo mgeni hupewa jembe. Kule anapewa koti lake.

Basi jifunzeni haya mapema. Siku ya kuzaliwa ya mtu, mtapanga viti duara, nanyi mtampongeza mwenye siku, na mama yake, na shemeji yake, na hata jirani, msiulize wamefanya nini. Mzee wa miaka tisini atakwambia umwite kwa jina lake tupu. Soksi za kubana miguu mvalisheni kabla hajatoka kitandani, mguu ukiwa bado haujavimba: kwanza kitambaa cha kuteleza kwenye vidole, kisha glavu za mpira, kisha vuta kutoka kisigino, msivute kwa kucha. Ria alinifanya nijivalishe mwenyewe asubuhi moja nzima ili nijue zinavyouma.

Na biskuti. Mara ya kwanza Ria alinialika kwake, alimimina kahawa, akafungua kopo la biskuti, akanisogezea. Nikasema hapana, asante, kama mama zetu walivyotufundisha: mtu mwenye adabu hapokei mara ya kwanza. Ria akachukua yake moja, akafunga kopo, akalirudisha kabatini. Nikakaa pale na njaa yangu, nikisubiri anibembeleze. Nilisubiri mpaka kahawa ikaisha. Wiki iliyofuata nilimwambia ukweli.

"Lakini ulisema hapana," alishangaa.

"Nilisema hapana ya kwanza."

"Kwani zipo ngapi?"

Tulicheka sana juu ya hilo, na likawa neno letu la kazini. Mzee akikataa kuoga, Ria aliniuliza kando: hii ni ya kwanza au ya pili? Nimewaeleza ya biskuti ili muelewe yaliyompata Jaap.

Jaap alikuwa dereva wa treni mstaafu. Nilimhudumia miaka mingi, na sijamsahau hata siku moja. Alinikataza kumwita bwana, akataka nimwite Jaap tu. Ulimi wangu ulikataa. Nilipatana naye nimwite Muzee Jaap.

"Maana yake nini, Muzee?" aliuliza.

"Mtu mkubwa. Mtu asiyekosa watu."

Alicheka mpaka akakohoa. "Basi umekosea nyumba," alisema.

Alikuwa na binti mmoja, aliyekaa mji wa jirani, mwendo wa baiskeli tu. Binti alikuja Jumapili moja akaacha moja, saa nane, na maua. Muzee Jaap alinyoa ndevu tangu asubuhi, akakaa dirishani akiangalia saa kama treni inachelewa. Kati ya Jumapili na Jumapili hawakusumbuana. Walipendana, nisieleweke vibaya. Kusumbua ndiyo dhambi kubwa kule, kuliko hata kusahau.

Majira fulani ya baridi alianza kuzama. Asubuhi moja nilipotaka kumvalisha soksi niliona miguu yake imepoa na kuingia mabaka, nikajua mwisho umekaribia. Muuguzi hajifunzi hilo mara mbili. Nikampigia binti yake nikiwa pale pale kando ya kitanda.

"Baba amezidiwa," nilimwambia. "Njoo leo."

"Ameniita?" aliuliza.

Nikamgeukia. "Muzee Jaap, binti yako aje leo?"

Alitikisa kichwa. "Hapana. Si siku yake. Usimsumbue, ana kazi."

Nilimwambia binti: amesema hapana, lakini wewe njoo. Nilisikia anapumua kwa shida. Kisha akasema, "Kama amesema hapana, lazima niheshimu. Nitakuja Jumapili." Nilijaribu kumweleza kwamba hiyo ilikuwa hapana ya kwanza. Sikuwa na maneno ya kulieleza hilo kwa lugha yao, na sidhani kama yapo. Kwao hapana ni hapana, na kuiheshimu ndiyo mapenzi yenyewe.

Haikufika Jumapili. Nilizungusha namba, nikaita jina langu kwa nguvu, nikamkuta amelala, viatu vyake vya nyumbani vimepangwa sawasawa kando ya kitanda, na macho yameelekea dirishani. Niliketi pale nikalia, huku simu ya kazi ikiita, maana mama wa mlango uliofuata alikuwa anasubiri soksi zake.

Siku ya maziko binti alinishika mikono. "Nilidhani ni hapana," alisema. Alilirudia mara kadhaa. Kisha tukaenda kwenye ukumbi, tukapewa kahawa na kipande kimoja cha keki kila mtu, na baada ya saa moja watu wakaanza kuvaa makoti. Nilimsimulia Yaya kwenye simu.

"Kilio ya saa moja?" aliuliza. "Na batu banalala wapi?"

"Kwabo, Yaya."

"Na ule mwenye kufiwa anabakia na nani?"

Aliendelea mwenyewe kusema kwamba siku yake yeye nihakikishe wamama wa parokia wanaimba mpaka asubuhi, na kwamba sufuria kubwa iko kwa Mama Sifa, jirani yake wa ng'ambo ya ukuta.

Ria alistaafu, kisha nami zamu yangu ikafika. Mliniimbia, mkanipa maua, na Ria akaja kwa miadi akaondoka kwa miadi, lakini mlangoni alinikumbatia muda mrefu kuliko desturi yao. Zawadi yake ilikuwa kisanduku cha ufunguo, kipya, ndani ya karatasi yake. "Kwa utani tu," alisema. Nilikitia chini kabisa ya sanduku la nguo.

Kiwanja cha ndege cha Goma kilikuwa kimefungwa na kimefungwa bado. Nilishukia Kigali, nikachukua gari mpaka Gisenyi, nikavuka mpaka kwa miguu nikivuta sanduku. Habari za vita nilizijua. Mji ulikuwa umeshapita mikononi mwa wengine, na Yaya kwenye simu alisema siku zote wako salama, Mungu yupo. Nilimwambia nitafika wiki ile. Siku sikumtajia. Kwetu mtu hatajiwi siku ya ndugu yake kurudi nyumbani.

Lango la mbao halikuwepo. Palikuwa na la chuma, refu kunizidi. Nikagonga. "Hodi, Yaya." Ndani redio ilikuwa inaimba. Ikazimwa. Nikasema hodi ya pili, ya tatu. Hakuna aliyepumua. Watoto wa njia walinitazama kisha wakaondoka haraka. Nikatoa simu, nikampigia dada yangu, nikaisikia simu yake ikiita ng'ambo ya lango.

"Ni miye, Yaya. Niko ku mulango."

"Ni weye?" alisema kwa sauti ya chini kabisa. "Sasa juu ya nini haukupiga simu mbele?"

Alifungua kufuli, kisha mnyororo, kisha komeo. Tulikumbatiana, tukalia, na nilikuwa nalia mambo mawili kwa mpigo, yeye akidhani ni moja.

Alikuwa amezeeka kuliko picha. Moyo ulikuwa umechoka na miguu imevimba. Nilikuwa nimebeba soksi za kubana, nikaanza kumvalisha asubuhi, kitambaa kwanza, kisha glavu, kutoka kisigino. Alinitukana kwa Mashi, lugha ya kwetu upande wa Bukavu, kisha akacheka. Tulikunywa chai wawili. Nilisubiri watu. Asubuhi ya kwanza, ya pili, nilisubiri ule mlio wa hodi niliotembea nao kichwani miaka yote kwenye ule upepo. Mama Sifa, ambaye ukuta wake na wetu ni mmoja, alipiga simu. Huku hata asiye na mtoto huitwa mama kwa jina lake mwenyewe, nami ni Mama Espe.

"Mama Espe, aksanti umefika. Naweza kuya kukuona mercredi? Saa kumi? Nitabipu kama niko ku mulango, mufungue mbio."

Alikuja siku hiyo ya Jumatano, akakaa kidogo, akawa anaangalia jua, na kabla kikombe hakijaisha akasimama. "Batu banaogopa," alisema, "hakuna mwenye kukuchukia. Ni mulango tu njo banaogopa. Mulango ikigonga, haujue ni nani." Nilimsindikiza mpaka langoni, nikafunga kufuli, mnyororo, komeo. Mikono yangu ilikuwa imeshajifunza.

Yaya alikuwa na mtoto mmoja aliyebaki nchini, Justin, anayefanya biashara ya maharagwe katika mji mdogo wa Kiwanja, kule karibu na Rutshuru. Alikuja Goma kila Alhamisi na lori, pamoja na wenzake, maana barabara ile mtu haitembei peke yake. Alhamisi Yaya aliamka mapema, akajifunga kitenge kizuri, akakaa karibu na lango na simu mkononi. Niliona hayo nikakumbuka ndevu za Muzee Jaap, nikaenda jikoni.

Kisha ikafika ile Jumatatu. Nilishika soksi nimvalishe, nikaona mabaka yaleyale miguuni. Nikajifanya nakunja kitambaa. Hospitali tulikwenda kwa pikipiki, akiwa kati yangu na dereva. Walimpa walichokuwa nacho, wakatuambia turudi nyumbani. Kesho yake nilishika simu.

"Ninamuita Justin," nilimwambia.

"Apana," alisema Yaya. "Haiko siku yake. Atakuya jeudi na camion. Usimusumbue mutoto, atapanda pikipiki yeye peke yake, na ile njia haiko muzuri."

Wadogo zangu, neno kwa neno. Nilidhani nimelizika kule, kumbe lilikuwa limetangulia kunisubiri Murara. Lakini mimi si binti wa Jaap. Mimi najua hapana ya kwanza. Nikamuuliza tena.

"Yaya, nimuite?"

Akageuza uso ukutani. "Kama yeye mwenyewe anapenda," alisema.

Nilimpigia. Justin hakuuliza kama ameitwa. Alisema, "Niko nakuya, mama mudogo," na nikasikia akimwita mwenye pikipiki kabla hajakata simu. Nilirudi kukaa kando ya kitanda na nikaona, kwa mara ya kwanza tangu nifike, kwamba ile miaka yote ya baridi imenifaa kitu. Nimemwita mtoto kwa wakati. Nimeshinda.

Alifika Kibati. Kibati ni hapo tu, kijiji cha kwanza kwenye njia ya kaskazini. Ukisimama Murara na kuuangalia mlima, Kibati iko mbele ya macho yako. Wenye silaha waliokuwa barabarani walimwambia njia imefungwa. Hawakumpiga, hawakumtukana. Imefungwa mpaka lini? Mpaka ifunguliwe. Akakaa Kibati, kwenye kibaraza cha duka, yeye na pikipiki na watu wengine, akinipigia kila mara kuuliza mama anaendeleaje. Nilimwekea Yaya simu sikioni.

"Justin."

"Mama, niko hapa Kibati. Wakifungua tu ninaingia."

"Umekula?"

"Ndiyo, mama."

"Umekula nini?"

Akataja mkate na ndizi. Nilijua anadanganya, na Yaya alijua. "Usitembee na giza," alimwambia. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya mwisho. Yaya alifariki Jumatano mchana, mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Barabara ilifunguliwa Alhamisi, na Justin akaingia na lile lori lao lililomkuta Kibati, siku yake ileile, kitenge kizuri cha mama yake kikiwa kimeshafunika uso.

Mnisikilize vizuri hapa, maana ndipo nilipokata tamaa. Kule Uholanzi nilikuwa na mtu wa kulaumu: desturi yao. Nilisema wangejua kuuliza mara ya pili, Muzee Jaap angekufa ameshikwa mkono na binti yake. Hapa niliuliza mara ya pili. Nilifanya kila ambacho kwetu hufanywa, na haikusaidia kitu.

Kilio tulikifanya uani. Sufuria kubwa ya Mama Sifa haikutumika. Simu ziliita tangu asubuhi: mko wangapi hapo, tunaweza kuja saa ngapi, lango liko wazi au tubipu? Wamama wa parokia waliniomba msamaha, wakasema wataimba mchana, kwa sauti ya kadiri. Nilijikuta nawapangia watu saa, hawa saa saba, wale saa nane, wasijazane mlangoni. Nilikata mikate, kila mtu kipande kimoja na chai. Jua lilipoanza kushuka walitazamana, wakafunga vitenge vyao, wakaondoka mmoja mmoja. Nami nilikuwa nimeitazama saa kabla yao.

Justin alinisihi niende naye Kiwanja. Sikutaka kuwa mzigo wa pili kwake, nikamwambia hapana. Aliniuliza tena, ni mtoto wa kwetu, akaniuliza hata mara ya tatu. Nilimwambia kaburi ni bichi mno. Akapanda lori lake.

Nikabaki. Nina moyo uleule wa ukoo wetu, na asubuhi navaa soksi zangu mwenyewe, kazi ngumu ukiwa peke yako, mtaona. Jioni moja nilitoa kile kisanduku cha Ria. Hakifai hapa, mtu hatundiki ufunguo ukutani Goma ya leo. Lakini nilikwenda sokoni nikachongesha ufunguo wa pili wa kufuli la lango, nikaufunga kwenye uzi mwekundu. Nilitaka kumpa Mama Sifa, siku nikianguka wasivunje mlango. Nilimpigia simu kwanza. Alinipa saa kumi.

Nilipobipu alifungua mbio. Nyuma yake, sebuleni, niliona magodoro yamekunjwa na kufungwa kamba. Kabla sijafungua mdomo alitia mkono kifuani, ndani ya blauzi, akatoa ufunguo.

"Mama Espe, Mungu njo anakuleta," alisema. "Nilikuwa ya kukubipu mangaribi. Siye kesho tunavuka. Batoto banaenda Kampala, na miye nabafuata. Ukae na huu. Hata kuchungulia tu, mara moja moja, bajue kama kuko mutu."

"Mutarudia lini?"

Alinitazama, akanifumba vidole juu ya ufunguo wake. Wangu ulikuwa katika kiganja kile kingine, na sikuutoa.

Hizi ndizo habari za kazi, Solange na Aline. Kwenye msumari kando ya dirisha nimeutundika ufunguo wa Mama Sifa, na tangu wiki iliyopita upo pia wa nyumba ya tatu, na wa ile ya kona. Wamesikia kwamba mimi sihami. Kila asubuhi nikishavaa soksi nazunguka: nafungua, naita jina langu kwa nguvu, nachungulia, nafunga. Wangu, wenye uzi mwekundu, uko hapa mezani karibu na kalamu.